Mafuta chini, umeme juu: nani anamlinda msafirishaji?

Na Mwandishi Wetu wa Biashara

Lori lenye trela ya lobedi linalotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Mutukula na kuingia Uganda hupimwa uzito mara kadhaa njiani. Ekseli zake huhesabiwa, tani zake huandikwa, na likizidisha, mwenye lori hulipa au hupunguza mzigo. Lakini kabla ya kufika Hoima, lori hilo hilo litapita chini ya nyaya nyingi za umeme, nyingine za kupeleka taa vijijini na nyingine za msongo mkubwa. Kila mahali swali ni lile lile: kati ya kilele cha mzigo na waya kuna mita ngapi, na ni nani mwenye wajibu wa kujua?

Swali hili limekuwa zito tangu tarehe 1 Februari 2022, ulipotangazwa uamuzi wa mwisho wa uwekezaji katika mafuta ya Ziwa Albert. Tangu hapo barabara za kwenda Hoima na Buliisa, pamoja na zile zinazofuata njia ya bomba hadi Tanga, zimepitisha mitambo ya kuchimbia, matangi, transfoma, vyumba vya kambi na mabomba. Mizigo ya namna hii haina mazoea na nguzo za umeme wa vijijini.

Uchambuzi huu unaonyesha kwamba tatizo si ukosefu wa sheria. Sheria zipo, na wasimamizi wapo tena wengi. Tatizo ni kwamba kila msimamizi anaangalia kipande chake, na waya unaokatiza barabara uko katikati ya vipande hivyo. Katika uchumi, hatari isiyokuwa na mwenyewe humwangukia aliye karibu nayo. Hapa aliye karibu ni mwenye lori, dereva wake na utingo wake.

Uzito una sheria moja, kimo hakina

Mwaka 2013 Bunge la Afrika Mashariki lilipitisha Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari. Uzito wa juu wa gari na mzigo ukawekwa tani 56 kwa nchi zote wanachama. Haikuwa rahisi. Kulikuwa na mvutano kuhusu ekseli na matairi, na Tanzania ilianza kuitumia mwaka 2019. Lakini leo msafirishaji anayepakia Mombasa au Dar es Salaam anajua kipimo kimoja kitakachomfikisha Kigali, Bujumbura au Kampala.

Sababu ya nchi hizi kukubaliana ilikuwa ya fedha. Lori lililozidisha huharibu lami, na lami hugharimu serikali. Kila tani iliyozidi ilikuwa na mdai.

Kimo hakina mdai wa namna hiyo. Mzigo mrefu kwenda juu hauharibu lami. Huulizwa pale tu msafirishaji anapoomba kibali cha mzigo usio wa kawaida, na kibali hicho hutolewa na wenye barabara. Waya una mwenyewe mwingine. Hata pale masharti ya kibali yanapomtaka msafirishaji awasiliane na shirika la umeme, kibali kimetoka ofisi moja na jibu linapaswa kutoka ofisi nyingine, na lori limeshapakiwa.

Kwa nini mafuta na umeme hukutana

Mafuta ya Uganda ni mazito na yana nta nyingi. Joto likishuka huganda. Ndiyo maana Bomba la Mafuta Ghafi la Afrika Mashariki, lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Kabaale, Hoima, hadi Chongoleani, Tanga, limebuniwa lipashwe joto la nyuzi 50 au zaidi kwa umeme katika safari yake yote. Kilomita 296 ziko Uganda na kilomita 1,147 ziko Tanzania, zikipita mikoa minane. Kuna vituo sita vya kusukuma mafuta, viwili Uganda na vinne Tanzania. Bomba limezikwa ardhini, lakini kila kituo kinahitaji umeme wa uhakika.

Kwa maneno mengine, mradi huu wa mafuta ni mradi wa umeme pia. Panapojengwa kituo hupelekwa laini, na panapopelekwa laini hupita malori yanayoleta vifaa vya kituo hicho hicho.

Zaidi ya hapo, bomba na barabara zake vinakutana na njia za umeme zilizokuwapo. Upande wa Uganda kuna njia ya kilovoti 220 kati ya Hoima na Nkenda. Upande wa Tanzania kuna ile ya kilovoti 400 kutoka Iringa hadi Shinyanga kupitia Dodoma na Singida. Chini ya hizo kubwa kuna mtandao wa kilovoti 33 na 11 unaosambaza umeme vijijini, na ndizo nyaya zilizo karibu zaidi na ardhi.

Mabomba yenyewe hayana kimo kikubwa yakiwa juu ya trela. Kila moja lina urefu wa mita 18, nayo yalipelekwa kwanza kwenye kiwanda cha kuyavika kihami joto kilichofunguliwa Machi 2024 huko Sojo, wilaya ya Nzega, mkoani Tabora. Hatari yake huja wakati wa kushusha. Winchi ikiinua mkono wake na bomba la mita 18 likazunguka hewani, dereva aliyeegesha kando ya laini ya umeme hana tena uwezo wa kuamua chochote.

Mizigo mirefu kwenda juu ni mingine: matangi, transfoma, mashine za visima na vyumba vya kambi vilivyokamilika. Na kazi haiishi siku bomba linapomaliza kujengwa. Visima zaidi ya 400 vya Tilenga na 31 vya Kingfisher vitahitaji matengenezo kwa miaka mingi, na kila matengenezo yana malori yake.

Waya haungoji kuguswa

Wengi hudhani ajali ya umeme hutokea pale tu chuma kinapogusa waya. Sivyo. Umeme wa msongo mkubwa unaweza kuruka hewani na kukifikia kitu kilichosogea karibu mno. Ndiyo maana kanuni za nchi nyingi huzungumzia umbali wa kukaribia, hazizungumzii kugusa.

Jambo la pili ni kwamba waya haubaki mahali pamoja. Jua likiwaka na umeme mwingi ukipita, waya hupata joto, hurefuka na kushuka. Kipimo kilichochukuliwa alfajiri si kipimo cha saa nane mchana. Upepo nao huusukuma upande. Aidha, barabara ikiwekewa tabaka jipya, uso wake hupanda na nafasi hupungua ingawa hakuna aliyegusa nguzo. Hili si dogo katika eneo la Bunyoro, ambako barabara nyingi zimeinuliwa hadi kiwango cha lami kwa ajili ya mafuta, ikiwamo ile ya Hoima, Butiaba hadi Wanseko yenye kilomita 111.

Jambo la tatu ni matairi. Kuna imani kwamba matairi ya mpira humkinga dereva. Tairi la lori lina nyuzi za chuma ndani na vumbi na tope nje, na kwa msongo wa kilovoti 33 si kinga. Likipitiwa na umeme linaweza kuungua kwa ndani na kupasuka baadaye, wakati watu wameshakusanyika kutazama. Ardhi inayolizunguka lori nayo huwa na umeme. Mtu akipiga hatua ndefu, mguu mmoja ukawa sehemu yenye umeme mwingi kuliko mwingine, umeme hupita mwilini mwake.

Jambo la nne linawahusu zaidi wenye bomba. Chuma kirefu kilicholala sambamba na laini ya msongo mkubwa hupokea umeme bila kuguswa. Bomba linalojengwa kando ya laini linaweza kumpiga fundi, na baada ya kuzikwa linaweza kuliwa na kutu kwa sababu hiyo. Kiwango kinachotumiwa sana katika tasnia ni kwamba umeme kwenye bomba ambalo mtu anaweza kuligusa usizidi voti 15. Kwa msafirishaji somo ni rahisi: lori au rundo la mabomba halikai chini ya laini kubwa bila waya wa kuupeleka umeme ardhini, na lori halijazwi dizeli hapo.

Kila dereva wa lobedi anaujua ule utaalamu wa barabarani: utingo hupanda juu ya mzigo akiwa na mti mkavu, akauinua waya, lori likapita. Umefanya kazi mara nyingi, na ndiyo sababu bado upo. Lakini mti unaoonekana mkavu kwa nje huweza kuwa na unyevu ndani, na mara moja tu inatosha. Huyo utingo mara nyingi hana mkataba. Tanzania ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulioanza kazi mwaka 2015, Kenya ina sheria ya fidia ya mwaka 2007, na Uganda ina yake. Zote zinamtafuta mwajiri kwanza. Kwa kibarua aliyechukuliwa njiani na dereva, mwajiri ni nani?

Milango mingi, jibu halipatikani

Tuangalie milango anayopaswa kubisha msafirishaji akiwa Uganda. Mafuta yako chini ya Mamlaka ya Petroli, iliyotokana na sheria ya mwaka 2013. Umeme uko chini ya Mamlaka ya Udhibiti wa Umeme, kwa sheria ya mwaka 1999. Usalama kazini uko katika wizara inayoshughulikia kazi, kwa sheria ya mwaka 2006. Barabara kuu zilikuwa chini ya UNRA hadi mwaka 2024, ilipoamuliwa kwamba kazi zake zirudi Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi. Nyaya kubwa ni za UETCL. Nyaya ndogo zilikuwa mikononi mwa kampuni ya Umeme hadi tarehe 31 Machi 2025, mkataba wake ulipokwisha na UEDCL ikachukua. Msafirishaji mwenye barua ya zamani kutoka kwa msambazaji aliyeondoka hana kitu mkononi.

Tanzania ina milango michache kidogo. EWURA inasimamia umeme na pia sehemu ya kati na ya chini ya biashara ya petroli, huku PURA ikisimamia utafutaji na uchimbaji. Nyaya karibu zote ni za TANESCO, barabara kuu ni za TANROADS, na usalama kazini ni wa OSHA, kwa sheria ya mwaka 2003.

Kenya imekwenda mbele zaidi kwa muundo. Sheria zake mbili za mwaka 2019, ya nishati na ya petroli, ziliweka umeme na mafuta chini ya chombo kimoja, EPRA. Hata hivyo, nyaya ni za Kenya Power na KETRACO, na barabara kuu ni za KeNHA.

Ukizisoma sheria hizi moja moja, kila moja inaeleweka. Msimamizi wa mafuta anasimamia eneo la kazi la mafuta. Humo ndani, kampuni kubwa zina taratibu kali: kibali cha kazi, kuzima umeme kabla ya kazi, na kanuni tisa za kuokoa maisha zilizotolewa mwaka 2018 na chama cha kimataifa cha wazalishaji wa mafuta na gesi, IOGP. Lori likiingia lango la eneo la visima hupewa mtu wa kuliongoza na hutajiwa mahali pa kuegesha.

Likitoka nje ya lango hilo, ni lori kama malori mengine. Hatari haikupungua, kilichokwisha ni mamlaka ya aliyekuwa akiisimamia.

Wengine walifanyaje

Mfano unaofaa kuangaliwa ni jimbo la Alberta, Kanada, ambako kuchimba mafuta na kusafirisha mitambo mikubwa ni shughuli ya kila siku. Alberta ina msimamizi wa mafuta na gesi, lakini suala la nyaya haikulifungia kwake. Ililiweka katika kanuni za usalama kazini zinazomhusu kila mwajiri, awe wa mafuta, wa ujenzi au wa kilimo.

Kanuni yenyewe ni fupi. Mwajiri yeyote atakayefanya kazi au kuendesha mtambo ndani ya mita 7 kutoka waya wa juu wenye umeme lazima kwanza awasiliane na mwenye laini, ajue msongo wake na umbali salama. Kwa nyaya zisizo na kihami za kuanzia voti 750 hadi kilovoti 40 umbali huo ni mita 3. Kwa kilovoti 138 na 144 ni mita 4. Kwa kilovoti 230 ni mita 5, na kwa kilovoti 500 ni mita 7. Akitaka kukaribia zaidi ya hapo, hafanyi peke yake. Lazima apate msaada wa mwenye laini.

Kwa wasafirishaji kuna nafuu moja: mzigo unaopita chini ya waya, ukiwa pamoja na gari hauzidi mita 4.15 kwenda juu, haufungwi na vipimo hivyo. Kwa hiyo malori ya kawaida hayasumbuliwi. Sheria inaanza pale hatari inapoanza.

Lakini jambo ambalo wafanyabiashara wetu wanapaswa kuliangalia zaidi ni ushoroba wa mizigo mirefu. Tangu miaka ya 1980 Alberta ilichagua barabara maalumu, ikainua nyaya zote zinazozikatiza ili mzigo wa hadi mita 9 upite bila kumsimamisha mtu. Gharama hulipwa kwa ada za wanaotumia ushoroba huo. Badala ya kila msafirishaji kulipia kuinuliwa kwa waya ule ule kila safari, waya huinuliwa mara moja na wote huchangia.

Uingereza nayo, kwa kanuni za mwaka 2002, ilimpa mwenye laini wajibu wa kimo: waya wa hadi kilovoti 33 juu ya barabara usiwe chini ya mita 5.8, na wa kilovoti 400 usiwe chini ya mita 7.3. Msafirishaji anaanza hesabu yake akiwa na namba.

Marekani ina somo la upande wa pili. Wakala wake wa usalama kazini hauna kanuni mahususi kwa uchimbaji wa mafuta na gesi nchi kavu. Ulipendekeza moja mwaka 1983, haikukamilika. Winchi za ujenzi zilipata kanuni ya kina mwaka 2010, yenye umbali wa mita 3.05 kwa nyaya za hadi kilovoti 50. Matokeo yake, mitambo ya visima hutegemea kanuni za jumla na miongozo ya tasnia yenyewe. Tasnia inaweza kujipangia vizuri, lakini mwongozo wa tasnia haumbani mwenye laini wala mwenye barabara.

Mifano hii mitatu inaelekea mahali pamoja: kanuni inayofanya kazi hufuata waya, haifuati sekta. Mtu anayesimamia mafuta peke yake hawezi kuulinda mzigo wa mafuta ulioko barabarani.

Hesabu ya lobedi moja

Tuchukue mfano wa hesabu, si wa safari fulani. Trela ya lobedi ina sakafu ya mita 0.9 kutoka ardhini. Juu yake kuna tangi lenye kimo cha mita 4.6. Jumla ni mita 5.5. Mbele kuna waya wa kilovoti 33 uliopimwa asubuhi ukiwa mita 6.5 juu ya barabara. Nafasi iliyobaki ni mita 1.

Dereva akitazama anaona anapita, na huenda kweli akapita bila kugusa. Kwa kipimo cha Alberta alitakiwa kuwa na mita 3, kwa hiyo amepungukiwa mita 2. Waya ukishuka kidogo mchana, au gurudumu likapanda tuta, nafasi hupungua tena. Tofauti kati ya anapita na hapiti iko katika umbali ambao jicho haliwezi kuupima kutoka kwenye kiti cha dereva.

Njia halali ni kumwandikia mwenye laini azime umeme au ainue waya. Hapo gharama huanza: ada ya kazi hiyo, siku za kungoja, gari la kusindikiza linaloendelea kulipwa, na mteja anayeuliza mzigo uko wapi. Msafirishaji mdogo aliyekodiwa na msafirishaji wa kati, aliyekodiwa na mkandarasi, aliyekodiwa na kampuni ya mafuta, amekubali bei ya safari nzima kwa mkupuo mmoja. Kila siku ya kungoja inatoka mfukoni mwake. Kwa bei hiyo, mti mkavu wa utingo ni wa rahisi kuliko barua.

Hili ndilo linalopaswa kueleweka na wanaotunga sheria. Madereva hawapiti chini ya nyaya kwa sababu ya ujinga. Wanapita kwa sababu mkataba umewawekea gharama ya usalama na haukuwawekea malipo yake.

Hoja za wanaopinga

Kuna wasafirishaji watakaosema kanuni mpya ni mlango mpya wa kutoa kitu kidogo. Hoja hii ina uzito. Kibali kisichokuwa na muda wa kujibiwa huwa bidhaa ya kuuzwa. Lakini leo pia msafirishaji hana ulinzi huo: hakuna siku ambazo mwenye laini analazimika kujibu. Kanuni nzuri humfunga pia anayejibu.

Wengine watasema ujenzi wa bomba una mwisho, kwa hiyo ushoroba wa mizigo mirefu ni anasa. Lakini barabara hizo hizo hubeba transfoma, mitambo ya mabwawa ya umeme, na mashine za migodi ya Geita na ya mashariki mwa Kongo. Mzigo unaokwenda Bunia au Goma kupitia Uganda hupita chini ya nyaya zile zile. Mafuta yameharakisha swali tu.

Wapo pia watakaosema mashirika ya umeme hayana fedha za kuinua nyaya. Ni kweli yana mzigo mkubwa. Ndiyo maana ada ya ushoroba ina maana: anayelipa ni mwenye mzigo mrefu, si mama anayenunua uniti za umeme nyumbani.

Nini kifanyike

Bomba lenyewe lilipata mkataba wake. Uganda na Tanzania zilitia saini makubaliano ya serikali mbili mwezi Mei 2017, na mwaka 2021 kila nchi ikawekeana mkataba wake na kampuni ya bomba, ambayo TotalEnergies ina asilimia 62, mashirika ya mafuta ya Uganda na Tanzania asilimia 15 kila moja, na CNOOC asilimia 8. Kodi, ardhi na usalama wa bomba vilijadiliwa mezani kwa miaka. Lori lililoyabeba mabomba hayo halikupata meza.

Jumuiya ya Afrika Mashariki inaweza kulipatia, kwa njia ile ile iliyotumika kwa uzito. Kwanza, iwepo kanuni moja ya taarifa: umbali mmoja wa kumwarifu mwenye laini, fomu moja inayokubalika pande zote za mpaka, na siku maalumu ambazo mwenye laini lazima ajibu. Pili, kila waya unaokatiza njia kuu za Mombasa na Dar es Salaam kwenda Hoima upimwe na kimo chake kibandikwe kwenye nguzo pande zote mbili za barabara. Kibao ni rahisi kuliko jeneza. Tatu, njia hizo ziwe ushoroba wa mizigo mirefu unaolipiwa kwa ada. Nne, kampuni za mafuta ziweke gharama ya kungoja na ya kuinua waya katika mkataba wa mkandarasi mkuu, na sharti hilo lishuke hadi kwa mwenye lori wa mwisho.

Kabla hayo hayajafika, msafirishaji anayepokea mzigo mrefu anaweza kujilinda kwa maswali machache, yote kwa maandishi:

- Kimo halisi cha mzigo ni mita ngapi baada ya kupakiwa, pamoja na minyororo na turubai? Kimo cha karatasi ya kiwandani hakitoshi.
- Nani ameikagua njia, lini, na saa ngapi ya siku? Waya hupimwa na mtu mwenye ujuzi kwa fimbo isiyopitisha umeme au kwa kifaa cha kupimia kwa mbali. Haupimwi kwa futi ya chuma.
- Iko wapi barua ya mwenye laini inayotaja msongo, umbali salama na saa ya kuzima umeme kama inahitajika?
- Nani analipa siku za kungoja na gharama ya kuinua waya? Kama mkataba umenyamaza, anayelipa ni mwenye lori.
- Bima inalipa uharibifu wa laini ya umeme, na kwa kiasi gani? Kadi ya njano ya COMESA ni ya kusaidia mbele ya mpaka, lakini swali hili liulizwe kwa wakala kabla ya safari.
- Majina ya utingo na vibarua wote yameandikwa kwa mwajiri anayejulikana?

Na ikitokea mzigo umegusa waya, dereva abaki ndani ya gari, apige simu na awapigie kelele watu wakae mbali, si chini ya mita 10. Asitoke mpaka mwenye laini athibitishe kwamba umeme umezimwa. Gari likishika moto na hana budi kutoka, aruke miguu yote miwili pamoja bila kushika gari, kisha aondoke kwa kuburuza miguu au kwa kurukaruka miguu ikiwa pamoja. Waya uliolala kimya usidhaniwe kwamba umekufa. Mitambo ya umeme mara nyingi hujirudisha yenyewe baada ya sekunde chache.

Sheria ya uzito ilichukua miaka mingi kukubalika kwa sababu kila nchi ilikuwa na barabara ya kulinda. Ya kimo haihitaji mvutano huo, kwa kuwa hakuna nchi inayofaidika na waya ulio chini. Inahitaji ofisi ya barabara, ya umeme, ya mafuta na ya kazi zikae upande mmoja wa meza, na wenye malori wawe upande wa pili na hesabu zao. Vyama vya wasafirishaji vya Kampala, Dar es Salaam na Mombasa, vilivyopigania ekseli kwa nguvu, ndivyo vinavyoweza kuiitisha meza hiyo.